Unataka kuwa provaida wa ajira yenye msaada Marekani? Jua kwanza unagonga mlango gani

Nikienda harusi, nikienda matanga, hata pale nje ya kanisa watu wakingojea chai, lazima kuna mtu atanivuta pembeni. Si unafanya kazi na watu wenye ulemavu wewe, hebu niambie hiyo lisensi ya kuwatafutia kazi inatolewa wapi, kuna jamaa ameniambia inalipa kuliko grupu homu, zile nyumba za kuishi na kutunza watu wenye ulemavu. Na hapo ndo shida inaanza maana hakuna lisensi moja inayoitwa hivyo. Kuna milango miwili, kwa wengine mitatu, kila mlango na ofisi yake na fomu zake na pesa zake, na mtu akifungua mmoja akadhani ameingia nyumba nzima ndo huyo utamkuta baada ya miezi nane anauza gari ili alipe mishahara.

Naandikia watu wetu walioko huku Marekani, Wakenya wa Minnesota na Washington wenye nyumba za kutunza watu, Wakongo na Warundi wa Iowa, Kentucky, Maine na Texas ambao wamekuwa wahudumu wa kuajiriwa miaka na sasa wanataka kusimama wenyewe. Kila jimbo lina mambo yake na mifano nitairukia huku na kule, lakini mfupa ni ule ule kwa sababu sheria inatoka Washington DC.

Kwanza hii kazi yenyewe

Ajira yenye msaada siyo deikea ya watu wazima na siyo mafunzo. Ni kijana mwenye usonji, au mama aliyeumia ubongo kwenye ajali, au mtu anayeishi na skizofrenia, anapata kazi ya kweli, kwa mwajiri wa kawaida, mshahara ule ule anaopata mwenzake anayefanya kazi ile ile, na wewe unamtolea mtu wa kumsaidia kuitafuta, kumfundisha akiwa kazini, alafu kujiondoa polepole mpaka asimame mwenyewe na wafanyakazi wenzake. Huyo wa kumfundisha tunamwita kocha wa kazi. Kuna na yule anayezunguka kwa waajiri kutafuta nafasi, kwenye kampuni ndogo huwa ni mtu huyo huyo mmoja na ndo maana anachoka.

Nasisitiza hiyo ya kujiondoa kwa sababu ndo inayowachanganya watu waliotoka kwenye grupu homu. Kule unalipwa kwa sababu mtu yuko kitandani kwako leo na kesho na mwaka ujao. Huku ukifanya kazi vizuri, saa zako zinapungua. Kocha hodari ni yule ambaye kufikia mwezi wa nne meneja wa supamaketi hata hamkumbuki jina. Sasa jiulize mwenyewe kama hesabu zako za biashara umezipiga hivyo, maana wengi wanapiga ile hesabu ya saa 40 kila wiki kwa kila mtu milele, na hakuna anayelipa hivyo.

Ukitaka kuelewa kwa nini serikali imekazania hivi lazima urudi nyuma kidogo. Sheria ya kazi ya mwaka 1938, kifungu cha 14(c), iliruhusu waajiri wenye kibali maalum kuwalipa watu wenye ulemavu chini ya kima cha chini, na kukawa na karakana za peke yao, watu wanapanga skrubu kwenye mifuko siku nzima kwa senti. Sheria ya urekebishaji ikaja 1973, ajira yenye msaada ikaingizwa ndani yake 1986, Vermont ikafunga karakana yake ya mwisho 2002, alafu sheria ya WIOA aliyotia saini Obama Julai 2014 ikabana zaidi: lengo ni kazi ya ushindani, mahali pamoja na watu wengine wote, kwa mshahara halali, na vijana wa miaka 24 kushuka chini hawawezi tu kusukumwa kwenye malipo ya senti kabla hawajapewa nafasi ya kujaribu kazi ya kawaida. Kwa hiyo ukienda na wazo la kukodisha godauni uwaweke watu 30 ndani wafunge boksi, umechelewa miaka mingi.

(Kule nyumbani tunajua njia nyingine. Tanzania sheria ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea awe na 3% wenye ulemavu, Kenya katiba ya 2010 inataka 5% ya nafasi za umma. Marekani imechagua zaidi kulipia mtu wa kukusindikiza kazini. Ipi bora tuachie siku nyingine.)

Mfuko wa kwanza: VR

VR ni idara ya urekebishaji wa kikazi, kila jimbo linayo, majina tu yanabadilika. Minnesota iko chini ya DEED, idara yao ya ajira na uchumi, Texas iko chini ya Texas Workforce Commission tangu 2016, Massachusetts walibadilisha jina 2024 ikawa MassAbility. Pesa nyingi zinatoka serikali kuu, 78.7%, jimbo linaongeza 21.3%.

Mtu anaomba, VR ina siku 60 kuamua kama anastahili, alafu siku 90 kuandika naye mpango wa ajira. Ndani ya mpango huo ndo kunaandikwa kama atapewa ajira yenye msaada na nani ataitoa. Huyo nani ndo wewe, kama uko kwenye orodha yao na kama mteja amekuchagua. Rudia hiyo sentensi: kama mteja amekuchagua. Kupitishwa kunakuweka kwenye orodha tu, hakukuletei mtu hata mmoja. Kuna watu wana mkataba wa VR umewekwa kwenye fremu ukutani na hawajawahi kutuma invoisi.

Na VR pesa zake zina mwisho. Baada ya mtu kuanza kazi, ajira yenye msaada inalipiwa na VR mpaka miezi 24, inaweza kuongezwa kwa makubaliano lakini usiitegemee. Halafu kuna kitu kinaitwa foleni ya kipaumbele, jimbo likiishiwa pesa linaanza kuhudumia wenye ulemavu mzito zaidi kwanza na wengine wanasubiri. Jimbo likiwa kwenye foleni na wewe umeajiri makocha watatu, unawalipa nini?

Malipo yenyewe majimbo mengi hayalipi kwa saa, yanalipa kwa hatua. Hatua ya kumjua mteja na kuandika mpango, hatua ya kupata kazi, hatua ya kutulia kazini, na ile ya mwisho ya kufunga faili ambayo haiji kabla mtu hajakaa kazini imara siku 90. Hapa ngoja nikae kidogo maana ndipo watu wanapozama.

Tuseme, namba za kupigia mfano tu, kocha wako unamlipa dola 23 kwa saa, anamfanyia mteja mmoja saa 30 kwa wiki kwa wiki sita. Hiyo ni dola 4,140, ongeza 7.65% yako wewe mwajiri ya Social Security na Medicare, inakaribia 4,457, na bado mafuta ya gari, bima na simu. Siku ya 40 mteja anagombana na supavaiza anaacha kazi. Ile hatua ya siku 90 hulipwi. Unaanza upya kumtafutia kazi nyingine na kocha anadai mshahara Ijumaa kama kawaida, yeye hana habari na hatua zako. Ndo maana mimi nikiulizwa mtaji ni kiasi gani sitaji bei ya fomu, nasema uwe na miezi sita ya mishahara mkononi, fomu zenyewe ni rahisi.

Wanataka nini ili wakupitishe? Kampuni iliyosajiliwa jimboni, namba ya kodi ya kampuni (EIN) kutoka IRS, bima ya dhima na ya taaluma na ya wafanyakazi wakiumia na ya magari, ukaguzi wa rekodi za uhalifu kwa kila anayekutana na mteja, sera zilizoandikwa za faragha na za malalamiko na za kuripoti unyanyasaji, na ushahidi kwamba watu wako wamesomea hii kazi. Hiyo ya mwisho wengi wanaidharau. Uhudumu wa wagonjwa, hata kama una miaka 15, hauhesabiki kuwa ukocha wa kazi. Kuna cheti cha ACRE ambacho cha msingi ni mafunzo ya saa 40 na kuendelea, kuna mtihani wa CESP unaotolewa na APSE, chama cha watu wa ajira yenye msaada, na majimbo mengine yana vyao, Texas kwa mfano wanatumia mafunzo ya University of North Texas. Angalia jimbo lako linataka kipi kabla hujalipia, nimeona mtu amelipia kozi nzuri kabisa ambayo jimbo lake halikuitaka.

Majimbo mengine yanadai pia ithibati ya CARF, shirika linalokagua ubora wa huduma, na hapa kuna kayai na kakuku. Wakaguzi wa CARF hawaji mpaka uwe umefanya kazi kwa viwango vyao miezi 6 angalau, sasa utafanyaje kazi na hujapitishwa? Kwa kawaida jimbo linakupa muda wa mpito, au unaanza na mlipaji mwingine asiyedai ithibati. Uliza kwa maandishi. Ukijibiwa kwa simu, andika imeili baadaye useme "kama tulivyoongea, nimeelewa hivi", uweke.

Mfuko wa pili: Medicaid

Mlango wa pili ni Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kupitia zile wevazi zake (weva ni ruhusa ya kulipia huduma za nyumbani na kwenye jamii), zile za kifungu cha 1915(c) zilizoanzishwa 1981 ili watu watunzwe kwenye jamii badala ya kufungiwa kwenye taasisi. Wenye grupu homu mnazijua, ndizo zinazowalipa. Ndani ya wevazi nyingi kuna huduma za ajira, mtu mmoja mmoja au kikundi kidogo cha watu wawili mpaka wanane.

Tofauti kubwa ya kisheria ni hii. Medicaid ina kanuni kwamba mtoa huduma yeyote aliye tayari na aliyetimiza sifa anaruhusiwa kuingia, na mteja ana uhuru wa kuchagua. VR haina hiyo, VR ni mkataba, wanaweza kufungua maombi wakati wanapotaka na kuyafunga wanapotaka. Kwa hiyo mtu aliyekataliwa VR anaweza kupita huku. Lakini huku nako majimbo yanapachika lisensi mbele ya mlango. Minnesota unahitaji lisensi ya sura ya 245D ya sheria za jimbo kutoka DHS, idara ya huduma za jamii, na huduma wamezigawa tatu, ya kuchunguza kama mtu anataka kazi, ya kutafuta kazi, na ya kumsaidia akishaipata. Washington jimbo linapeleka pesa kwa kaunti na kaunti ndo inaingia mkataba na wewe, kwa hiyo ukipigia simu jimbo utazungushwa bure, pigia kaunti. Ohio wanapitisha makampuni na watu binafsi. Arizona wanakuita vendo aliyehitimu.

Ukishapata lisensi bado unajiandikisha Medicaid kama mtoa huduma, unapata namba ya mtoa huduma (NPI) yenye tarakimu 10, wanapitisha jina lako na majina ya wamiliki wote kwenye orodha ya serikali kuu ya waliozuiwa kulipwa pesa zake. Na wafanyakazi wako uwapitishe wewe mwenyewe, siyo siku ya kuwaajiri tu, kila mwezi. Ukimlipa kwa pesa ya Medicaid mtu aliye kwenye hiyo orodha, hata kama hukujua, utazirudisha.

Kama tayari una grupu homu au kama wewe au mke wako ni meneja wa kesi, yule anayeandika mipango ya wateja, soma vizuri sheria ya mgongano wa maslahi. Anayeandika mpango wa mteja wa weva hatakiwi kuwa ndiye anayetoa huduma zilizo kwenye mpango huo. Na kumpeleka mteja wa nyumba yako kwenye kampuni yako ya ajira bila kumwonyesha provaida wengine, hiyo watu wanaifanya kila siku wanaona ni akili ya biashara, mkaguzi ataiona vingine.

Katikati ya mifuko miwili

Sasa hapa ndo fundo lenyewe. Weva hairuhusiwi kulipia kitu ambacho VR ingekilipia, lazima kwenye faili kuwe na karatasi inayoonyesha VR haipatikani kwa huyo mtu kwa huduma hiyo. Na VR nayo haitaki kuanzisha ajira yenye msaada kama haijui nani ataendelea kulipa wao wakitoka. Kila mmoja anamwangalia mwenzake. VR ni kuanza, weva ni kuendelea, na mteja anavushwa kutoka mkono huu kwenda huu akiwa kazini bila siku hata moja ya kukosa kocha.

Provaida mwenye mkataba wa VR peke yake, mteja wake akivushwa anaenda kwa kampuni nyingine, kocha mpya, sura mpya, na mtu mwenye usonji aliyezoea kocha mmoja miezi minane unaweza kukisia kinachotokea. Provaida mwenye weva peke yake anasubiri VR imalize, na hiyo kazi ya kuanza VR inampa nani? Mwenye zote mbili ndo kaunsela wa VR anapenda kumwita. Kwa hiyo nikiambiwa nichague pa kuanzia nasema hivi: kama unazo pesa kidogo na tayari una lisensi ya Medicaid, ongeza huduma ya ajira kwenye hiyo lisensi, wasomeshe watu wawili ukocha, fanya kazi mwaka mmoja, alafu omba VR ukiwa na majina ya waajiri na rekodi ya watu waliokaa kazini. Kuomba VR mikono mitupu inawezekana lakini unakuwa wa arobaini kwenye orodha.

Kuna mlango wa tatu, Ticket to Work wa Social Security, sheria ya 1999, wa watu wa miaka 18 mpaka 64 wanaopokea mafao ya ulemavu, SSI (ya wenye kipato kidogo) au SSDI (ya waliowahi kufanya kazi wakachangia). Unalipwa mteja akifikisha kipato fulani. Kwa kampuni changa pesa yake iko mbali sana, siutii moyoni.

Na kama unalenga watu wenye maradhi ya akili, soma IPS, mfumo uliotengenezwa New Hampshire na Robert Drake na Deborah Becker. Msimamo wake ni kwamba mtu akisema anataka kazi unaanza kutafuta sasa, humwambii apone kwanza au aache pombe kwanza. Mtaalamu mmoja habebi zaidi ya watu 20, na kampuni inapimwa kwa vipengele 25, kila kimoja alama 1 mpaka 5. Ukishazoea kulipwa kwa kuwatunza watu, IPS itakuchukua muda kuimeza.

Mama anakataa

Jambo moja ambalo hutaliona kwenye fomu yoyote. Utapata mteja, kijana ana miaka 22 ametoka shule, anataka kazi, na mama yake anakataa kata kata. Ukimbana anakwambia ukweli: ile hela ya SSI ndo inalipa nusu ya kodi ya nyumba, na akifanya kazi watakata. Nimekaa kwenye makochi ya familia nyingi za Wakongo nikinywa chai ya tangawizi nikisikia hili hili.

Basi jifunze hesabu hii kwa Kiswahili. SSI hawahesabu dola 85 za kwanza za mshahara wa mwezi kama mtu hana kipato kingine, na kinachobaki wanahesabu nusu. Kijana akipata dola 885 kwa mwezi, toa 85 inabaki 800, nusu ni 400. SSI inapungua 400, mfukoni anaingiza 885, familia imeongezeka dola 485. Na Medicaid haipotei hivi hivi, kuna kifungu cha 1619(b) kinachoilinda hata SSI ikishuka mpaka sifuri, mpaka mshahara upite kiwango cha jimbo. Cha kuangalia ni akiba, isizidi dola 2,000, na kuripoti mishahara kila mwezi, wasiporipoti ndo yanakuja yale madeni ya kutisha. SSDI ina hesabu nyingine kabisa, ina miezi 9 ya kujaribu kazi, usiwachanganyie. Mpeleke mama kwa mshauri wa mafao kabla ya siku ya kwanza ya kazi, na uende naye.

Hapo ndo lugha yako ina thamani. Makaunsela wa VR wana faili za familia zinazozungumza Kiswahili zimekaa tu kwa sababu mkalimani wa simu hawezi kumtuliza mama. Usijitangaze kwamba unapenda watu wenye ulemavu, kila mtu anasema hivyo. Andika kwenye ombi: makocha watatu wanaozungumza Kiswahili, Kinyarwanda na Kifaransa, saa za usiku na wikendi, kaunti hizi mbili.

Noti za kila siku ziandikwe siku hiyo hiyo. Siyo "nilimsaidia mteja kazini", bali alianza saa ngapi, alikwama wapi, kocha alifanya nini, mteja aliweza nini peke yake ambacho wiki jana hakuweza. Noti mbili zikifanana neno kwa neno mkaguzi anaanza kuchimba, na kampuni za watu wetu zimefungwa kwa kopi na pesti.

Kabla hujajaza fomu yoyote piga simu ofisi ya VR ya eneo lako, uliza nani anasimamia mahusiano na watoa huduma, muombe dakika 20. Muulize mteja wa aina gani wanakosa mtu wa kumpeleka, ni miji gani haina kocha, na jimbo liko kwenye foleni au haliko. Alafu ukimaliza hapo piga ya kaunti, uliza hayo hayo, linganisha majibu.